Maji Yalifika kwa Dorotea

Hebu mwone anavyokuja. Jifanye umesimama Kivukoni, upande wa Ifakara, asubuhi. Pantoni bado iko ng'ambo inapakia baiskeli na magunia ya mpunga, na abiria wa upande huu wamekaa juu ya mizigo yao. Kwenye njia ya mchanga anatokea mama mrefu, kanga moja kiunoni na nyingine begani, ndala kazishika mkononi. Kwapani kabana mfuko wa plastiki uliokunjwa mara mbili. Hana ndoo, hana jembe, hana samaki wa kuuza. Anapita katikati ya watu kama karani aliyechelewa ofisini, anashuka ukingoni mpaka pale maji yanapogusa udongo, anachuchumaa. Anautazama ubao mweupe wenye mistari myeusi uliosimikwa mtoni. Anautazama tena. Kisha anatoa daftari mfukoni, anachomoa penseli kwenye nywele, anaandika, anarudi alikotoka.

"Mama Rula!" anaita muuza samaki mmoja. "Leo mto umevaa namba ngapi?"

"Namba ya kukuzamisha wewe na matenga yako," anajibu bila kugeuka, na watu wanacheka.

Huyo ndiye Agnella, mama yake Herieth. Ule ubao watu waliuita rula ya serikali, ndiyo maana naye wakamwita Mama Rula. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kila siku ya Mungu, saa tatu asubuhi, asome maji yamefika mstari upi na kuandika. Aliandika kwa penseli kwa sababu wino ukipata tone la mvua unakimbia. Mwisho wa mwezi alipeleka karatasi moja ofisi ya maji, nakala ikabaki nyumbani ndani ya sanduku la bati.

Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya baba yake, mzee Barnaba, mvuvi aliyejifunza kusoma misheni. Barnaba alisoma ubao miaka ishirini, hadi macho yakamgomea mwaka 1986. Akamkabidhi binti penseli, na miaka miwili baadaye akafariki.

Sasa, msikilizaji wangu, kuna jambo lilikuwa likimkuna Agnella kichwani siku zote. Zile namba zinakwenda wapi? Mita mbili na sentimita kumi na nne, mita mbili na kumi na moja, mita mbili na tisa. Mwaka mzima, mwaka unaofuata tena. Hakuna aliyewahi kumjibu. Hata barua ya kumwambia kwamba amekosea hakuwahi kupata. Wakati mwingine alijiwazia chumba kikubwa, mto wote umechorwa ukutani kutoka Mlimba hadi kwake, na mtu mwenye miwani anausogeza juu na chini kufuatana na karatasi zake. Wakati mwingine aliwaza kwamba wanafungia maandazi.

Jibu lilikuja lenyewe, mwezi wa Agosti 1996, ndani ya Landrova iliyojaa vumbi.

Aliyeshuka alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na saba, shati limechomekwa, buti za mpira mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umepotea?"

"Sijapotea. Naitwa Justin, natoka ofisi ya maji. Namtafuta Agnella Barnaba."

"Ndiye mimi. Nimekosea namba?"

Justin akacheka. "Mama, namba zako nazijua kuliko ninavyojua siku za kuzaliwa za wadogo zangu. Machi mwaka jana, tarehe kumi na tisa, uliandika saba, ukafuta, ukaandika moja."

Agnella alisimama mdomo wazi. "Penseli iliniteleza," akasema polepole. "Kumbe zinasomwa?"

Zilikuwa zinasomwa. Justin alikuja kwa ajili ya kisima cha pampu. Kitongoji chao hakikuwa na maji mengine zaidi ya mto, na mto ulikuwa na wenyewe. Jirani yake Agnella, Dorotea, alikuwa na mkono wa kushoto uliopinda. Mwaka mmoja nyuma mamba aliukamata pale pale wanapochotea, na kama wenzake wasingempiga yule mnyama kwa ndoo usoni, leo tungemtaja marehemu. Hiyo ni mbali na watoto waliokuwa wakiharisha kila masika. Kwa hiyo kisima hakikuwa jambo la kuongezea utamu maishani. Kilikuwa jambo lenyewe.

Mahali palikuwa pamechaguliwa tayari, kwenye mwinuko mdogo karibu na nyumba za watu. Justin alipigilia kigingi, akakipaka rangi nyekundu.

"Pampu hii tunataka iishi miaka thelathini," alieleza mbele ya kamati ya maji. "Mafuriko yakiifunika, uchafu unaingia ndani na kisima kimekufa. Kwa hiyo tunauliza: maji ya mto huu yamewahi kupanda mpaka wapi? Mafuriko makubwa kuliko yote kwenye kumbukumbu ni ya Aprili 1974. Lakini hapo kwenye karatasi za ofisi pana siku tatu tupu. Hazina namba."

"Hazina namba kwa sababu ubao ulizama," alisema Agnella. "Lakini siyo tupu, mwanangu. Zina maneno."

"Maneno gani?"

Sasa hapa inabidi nikueleze. Pembeni ya kila ukurasa palikuwa na safu iliyoandikwa "Maelezo". Ofisini waliokuwa wakinakili karatasi za zamani kwa mashine ya chapa walichukua namba, maelezo wakayaacha. Ila Barnaba alikuwa ameyajaza kwa miaka ishirini, hivi: Kiboko amelala karibu na ubao, nimesoma kwa mbali. Leo Pasaka, nimesoma baada ya misa. Maji yana rangi ya chai. Agnella alikimbia nyumbani, kama msichana, akarudi na daftari lililoliwa pembe na mende. Akalifungua, kidole kikatafuta, kikakuta.

*Aprili 17, 1974. Ubao umezama. Maji yamefika kwa Dorotea, ngazi ya pili.*

Justin alisoma mara mbili, macho yakamng'aa. "Mama, hii ni dhahabu! Huyo Dorotea yupo?"

"Nipo hapa," alisema Dorotea, akainua ule mkono uliopinda. "Na ngazi zangu zipo. Karibuni."

Wote wakaandamana hadi kwa Dorotea. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo, ya tofali za kuchoma, na mbele ngazi tatu za saruji. Justin akasimika darubini yake ya miguu mitatu, msaidizi akashika fimbo ya kupimia juu ya ngazi ya pili, kisha akaishika kwenye kigingi. Justin akachungulia, akaandika, akachungulia tena. Ule mng'ao wa macho ukazimika.

"Haiwezekani," akasema. "Kigingi kingekuwa chini ya maji. Mita moja na sentimita tisini."

Yaani mtu mzima angesimama pale kisimani, maji yangemfunika utosi. Justin hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alieleza kwa upole kwamba hawezi kuweka pampu mahali ambapo daftari la mto lenyewe linapakataa. Ripoti yake ilitakiwa Ijumaa. Kwenye orodha, waliofuata walikuwa watu wa Katindiuka, nao wana shida ya maji vile vile.

Landrova ikaondoka. Mayunga, mfugaji kutoka Usukumani aliyehamia na ng'ombe wake miaka sita nyuma, naye akiwa mjumbe wa kamati, alikohoa.

"Mama Herieth," akasema, "si ungeacha patupu pakabaki patupu?"

Wengine wakacheka, lakini Agnella hakucheka. Alilibana daftari kwapani akaenda zake. Fikiria mwenyewe: miaka kumi anaomba mtu asome, siku mtu anaposoma, maneno ya baba yake yanawafukuzia kisima.

Kesho yake, baada ya kusoma ubao, hakwenda nyumbani. Alipita kwa Dorotea kumpa pole, na ukweli ni kwamba alitaka kuzitazama zile ngazi. Maana kulikuwa na kitu hakikukaa sawa. Mwaka 1974 yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwa shangazi yake Mlimba. Lakini kama maji yalifika hapa juu, mbona hakuna aliyewahi kumsimulia kwamba kitongoji kizima kilielea? Wazee wachache waliobaki aliwauliza njiani. Mmoja alisema maji yalikuwa ya kifua, mwingine akasema ya goti, wa tatu akamwuliza kama ana ugoro.

Dorotea alikuwa amekaa ngazi ya juu anapepeta mchele. Agnella akakaa ya pili, akachukua punje za mpunga akawa anamenya kwa kucha, macho chini. Ndipo akaona. Kwenye pembe ya saruji, fundi alikuwa amechora kwa msumari kabla haijakauka: 1989.

"Mwenzangu," akasema, "ngazi hizi zina umri gani?"

"Mume wangu alizijenga alipopata likizo kazini kwake reli. Hapo si pameandikwa?"

"Pameandikwa themanini na tisa. Baba ameandika sabini na nne."

Dorotea akaacha kupepeta. "Sabini na nne mimi nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa na nyumba gani mimi? Ya kuchezea?"

Wakatazamana, kisha wakacheka hadi ungo ukamwagika. Watu wazima wote wale, na mtaalamu na darubini yake, hakuna aliyeuliza: Dorotea yupi?

"Basi ni bibi yako," alisema Agnella akijifuta machozi. "Si umerithi jina lake?"

"Ndiyo. Bibi Dorotea, mama yake mama."

"Alikaa wapi?"

"Bibi alihamahama. Mto ulikuwa unamsogeza." Dorotea akafikiri. "Lakini bibi hakuwa na ngazi. Nyumba ya nyasi, ngazi ya kupandia wapi? Paani?"

"Baba hakuwa mtu wa kutunga. Ameandika ngazi."

Kuku akaja kuokota mchele uliomwagika, hakuna aliyemfukuza. Mara Dorotea akajipiga paja.

"Ya ghala! Ngazi ya ghala la mpunga! Bibi alikuwa na ghala limeinuliwa juu ya nguzo, panya wasifike. Nguzo moja ilichongwa vidato vya kukanyagia. Tulikuwa tunapanda kuiba karanga. Moja, mbili, tatu, nne, mlango. Moja, mbili, tatu, nne, mlango!"

"Liko wapi hilo ghala?"

"Lilishaoza. Lilikuwa kule chini, pale Mayunga alipoweka zizi."

Hawakungoja hata kuuokota ule mchele. Mayunga walimkuta anakamua.

"Mwangaluka," alisalimia Kisukuma, kama kawaida yake ya kuwafundisha watu kwa lazima. "Mmekuja kuninyang'anya maziwa?"

"Tunatafuta nguzo," alisema Agnella.

"Ya nini?"

"Ya bibi yake."

Mayunga akawatazama mmoja mmoja, kisha akaelekeza kidevu. Kwenye kona ya zizi ndama alikuwa amefungwa kwenye nguzo nyeusi ya mkongo, mti mgumu kama chuma. "Hiyo nimeikuta. Nilitaka kuing'oa nitengenezee lango, nikaifunga kwa madume wawili, wakashindwa. Basi nikaiacha. Nzuri kwa kufungia. Kamba haiteremki, ina mikato."

Agnella aliipapasa ile mikato. Vidato. Vimelainishwa na nyayo za watu ambao wengine yeye hakuwahi kuwaona.

Alhamisi alipanda baiskeli hadi ofisini Ifakara. Justin alikuwa mezani, anaandika.

"Mama, ripoti inaondoka kesho saa nne na gari la Morogoro."

"Dorotea siye," alisema Agnella, akihema.

"Siye nani?"

"Siye Dorotea! Yule uliyempima ni mjukuu. Na ngazi siyo ngazi, ni nguzo."

Wenzake Justin wakainua vichwa. Yeye akaweka kalamu chini. Akamvutia Agnella kiti, akamsikiliza toka ngazi ya 1989 hadi ndama wa Mayunga, na alipomaliza akauliza swali moja tu: "Kwa nini mzee hakuandika ni Dorotea yupi?"

"Kwa sababu alikuwa mmoja," alisema Agnella. "Kila mtu alimjua."

Ijumaa saa moja asubuhi walikuwa zizini. Landrova ilikuwa inanguruma pembeni, dereva akitazama saa yake. Vidato vilivyoonekana vilikuwa vitatu. Msaidizi akaishika fimbo kwenye cha pili kutoka chini, Justin akachungulia, akahamia kigingini, akachungulia.

"Imepungua sana," akasema. "Lakini kigingi bado kiko chini ya maji. Sentimita kumi na tano."

"Kumi na tano ni nini?" Mayunga alidakia. "Hii si shubiri moja na haijafika? Kijana wangu, shusha hiyo fimbo kidogo. Nani ataona?"

"Mto utaona," alisema Agnella.

"Mama Herieth, uko upande wa nani wewe?"

"Niko upande wa kisima kisichozama. Unataka tupate pampu leo, wajukuu wako wanywe mavi ya ng'ombe wako?"

Justin akafunga daftari lake. Wakati huo Dorotea alikuwa amepita kati yao, anagusa nguzo kwa ule mkono wake uliopinda, midomo inacheza kama mtu anayesali.

"Moja, mbili, tatu, mlango," alinong'ona. Akarudia. "Hapana. Moja, mbili, tatu… mlango. Jamani, kimoja kimekwenda wapi?"

Agnella akaelewa kabla hajamaliza. Kila mafuriko huacha tope. Miaka ishirini na miwili mto umekuwa ukija na kuondoka, na kila ukiondoka unaacha zulia jipya.

"Mayunga, lete jembe!"

Alichimba Mayunga mwenyewe. Juu palikuwa na samadi, chini yake udongo laini wa mto, tabaka juu ya tabaka kama chapati. Kisha jembe likagonga nguzo, likanasa kwenye mkato. Kidato cha nne. Wakazidi kuchimba kwa mikono hadi wakagota kwenye sakafu ngumu ya udongo uliopigwa, na kigae cha chungu kimelala juu yake. Hapo ndipo bibi Dorotea alipokuwa akisimama.

Kwa hiyo cha kwanza kilikuwa kimezikwa, na cha pili kilikuwa kile walichokuwa wakikiita cha kwanza. Kati ya kidato na kidato palikuwa na sentimita arobaini. Hesabu hiyo hata Mayunga aliifanya kabla ya darubini, lakini Justin alipima, kisha akapima tena.

"Kigingi kiko juu ya maji," akasema. "Kwa sentimita ishirini na tano."

Dorotea akapiga kigelegele, ndama akakurupuka akakata kamba. Lakini Justin alibaki amekunja uso.

"Ishirini na tano ni kidogo. Mto haujatia sahihi kwamba hautapita hapo. Nitapendekeza kisima, ila msingi wake uinuliwe nusu mita. Tofali na mawe mtaleta nyinyi."

"Tutaleta," alisema Agnella.

Dereva akapiga honi. Justin aliandika ukurasa wa mwisho wa ripoti juu ya boneti, na gari la Morogoro, nasikia, lilimngoja robo saa.

Kisima kilichimbwa Novemba. Msingi wake ulionekana mrefu mno, wanawake wakipanda na ndoo walitania kwamba wanakwenda altareni. Mwaka uliofuata jua lilikuwa kali, mto ukasinyaa, na watu wakaanza kusema zile tofali za ziada zingetosha choo.

Kisha mvua ikaanza, na ilipoingia 1998 haikutaka kukatika. Asubuhi moja Agnella alikuja Kivukoni kwa mtumbwi, kwa sababu njia ya mchanga haikuwepo. Saa tatu. Alitafuta ubao, hakuuona. Palikuwa na maji tu, ya rangi ya chai, akapiga kasia kurudi kitongojini. Zizi la Mayunga lilikuwa limekwenda, na mwenyewe alikwishawapandisha ng'ombe juu, anazungumzia kuhamia upande wa Uchindile. Ile nguzo ilikuwa chini kabisa, haionekani. Maji yalikuwa yameupita mwaka wa sabini na nne. Yalikuwa yamefika kwenye msingi wa kisima, yakaushika hadi nusu yake, na hapo yakatulia. Juu yake pampu ilisimama kavu, na Dorotea alikuwa ameegesha mtumbwi anajaza ndoo, mgongoni mjukuu wa wiki sita aliyepewa jina lake.

Agnella alilaza kasia, akatoa daftari, akachomoa penseli kwenye nywele. Akaandika tarehe. Akaandika, *Ubao umezama*. Kwenye safu ya maelezo akaandika, *Maji yamefika kwa…*

Penseli ikasimama.

Kwa Dorotea? Sasa wako wawili. Kwa Mayunga? Mwezi ujao huenda hayupo. Kisimani? Kisima kipi, siku vitakapokuwa vinne? Mtumbwi ulizunguka taratibu, yeye ameshika penseli hewani, anamfikiria mtu mmoja ambaye hajazaliwa, ameketi mahali fulani na daftari hili mbele yake, anataka kujua maji yalifika wapi.

Ungekuwa wewe ndani ya ule mtumbwi, ungemwandikia nini?